Mtetemo: Kutoka Pembea ya Sikukuu Hadi Saa ya Msikitini



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, Ramadhani moja tulifuturu katika msikiti uliokuwa na saa mbili ukutani, moja karibu na mihrabu na nyingine nyuma, juu ya mlango. Tende zilikwishagawiwa na uji umekwishamiminwa vikombeni. Saa ya mbele ilionyesha saa 12 na dakika 34, wakati wa Magharibi kwa mujibu wa ratiba. Saa ya nyuma ilionyesha saa 12 na dakika 31. Muadhini, mzee wa makamo, aliitazama ya mbele, akaitazama ya nyuma, kisha akatoka nje kuangalia mbingu. Vijana wakaanza kunong'ona. Mzee aliporudi alisema neno moja tu: "Saumu za watu wote humu ziko shingoni mwangu." Akangoja. Ulipofika wakati aliwasha maiki, na kabla hajatamka kitu, spika zikapiga mluzi mkali hata watoto wakaziba masikio.

Siku ile tulishuhudia mambo mawili: saa zisizokubaliana, na spika zinazolia zenyewe. Ukiyatazama kwa haraka utadhani hayahusiani hata kidogo. Lakini katika elimu ya fizikia yote mawili yanatoka katika mlango mmoja, nao ni mlango wa mtetemo, yaani mwendo wa kwenda na kurudi. Katika makala hii tutajaribu, inshaAllah, kuufungua mlango huo hatua kwa hatua.

NINI MTETEMO?

Mtetemo ni mwendo wa kitu kinachokwenda upande mmoja, kikarudi, kikapita katikati, kikaenda upande wa pili, kikarudi tena, kwa kukariri. Mtoto juu ya pembea ya Sikukuu yumo katika mtetemo. Ngozi ya dufu iliyopigwa inatetema. Jahazi lililotia nanga linayumba huku na huku. Hata umeme wa majumbani kwetu, hapa Afrika Mashariki, huenda na kurudi ndani ya waya mara 50 kwa kila sekunde.

Kila mtetemo tunaueleza kwa maneno matatu, na mwanafunzi ayahifadhi:

1. Kipindi: muda wa safari moja kamili, kwenda na kurudi mpaka pale ulipoanzia.

2. Masafa: idadi ya safari kamili katika sekunde moja. Kipimo chake ni hezi, na huandikwa Hz. Kikiwa kipindi ni nusu sekunde, masafa ni Hz 2.

3. Upana: umbali ambao kitu hufika kutoka katikati. Mtoto akisukumwa kwa nguvu upana huongezeka. Akiachwa, hupungua kidogo kidogo.

MAMBO MATATU YANAYOUFANYA MTETEMO

Kwa nini pembea haisimami pale inapofika katikati, mahali pake pa kutulia? Hapa ndipo penye siri yenyewe.

Jambo la kwanza ni nguvu ya kurudisha. Pembea ikivutwa pembeni, uvutano wa ardhi huirudisha chini. Uzi wa zeze ukivutwa, mkazo wake wenyewe huurudisha. Bila ya nguvu hii kitu kingekwenda kisirudi.

Jambo la pili ni inesha, yaani ule ukaidi wa kila kitu wa kutotaka kubadili hali yake. Kilichosimama hutaka kubaki kimesimama. Kinachokwenda hutaka kuendelea. Pembea ifikapo katikati tayari ina mwendo, nao huipitisha mpaka upande wa pili. Kule nguvu ya kurudisha huishika tena, na mchezo huanza upya.

Jambo la tatu ni upotevu na malipo yake. Upepo na msuguano wa kamba hula nishati ya pembea kila inapopita. Usipoisukuma, itasimama. Mama anayembembeza mwanawe hahitaji kutumia nguvu nyingi. Anachohitaji ni kusukuma kwa wakati wake, pembea inapoanza kushuka kuondoka kwake. Akisukuma inapomjia, ataisimamisha.

Yashike mambo haya matatu: kurudishwa, kupitiliza, na kulipwa kilichopotea kwa wakati wake. Kila tutakachokitaja baada ya hapa kimejengwa juu yake.

JARIBIO LA TIMAZI

Fundi mwashi ana timazi, uzi wenye kipande cha chuma cha kupimia wima wa ukuta. Tengeneza la kwako kwa uzi na jiwe. Lifunge kwenye boriti au tawi, na upime sentimita 100 kutoka pale ulipofunga mpaka katikati ya jiwe. Livute pembeni kidogo tu, uliachie, na uhesabu safari 10 kamili za kwenda na kurudi. Utapata kiasi cha sekunde 20. Sasa fupisha uzi uwe sentimita 25 na uhesabu tena. Utapata kiasi cha sekunde 10. Urefu umepungua mara nne, na muda umepungua mara mbili.

Kisha badilisha jiwe, uweke zito zaidi bila kubadili urefu. Muda haubadiliki! Livute kidogo zaidi au kidogo pungufu, tofauti hutaiona. Kanuni yake huandikwa hivi:

T = 2π√(l/g)

T ni kipindi kwa sekunde, l ni urefu wa uzi kwa mita, na g ni kasi ya uvutano wa ardhi, kiasi cha 9.8. Uzito wa jiwe haumo katika kanuni, wala upana haumo, maadamu jiwe halikuvutwa mbali sana.

Hapa pana faida kubwa. Kitu ambacho hurudia kwa muda ule ule, hata upana wake ukipungua, kinafaa kuwa kipimo cha wakati. Galileo wa Italia aliliona hilo, na mwaka 1656 Christiaan Huygens wa Uholanzi akatengeneza saa ya kwanza ya timazi iliyofanya kazi vizuri. Uzito uliotundikwa ndani ya saa uliisukuma timazi kidogo kila ilipopita, kama yule mama na pembea yake.

Lakini kipimo nacho kina dosari zake. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, mji ulio karibu na ikweta, kiasi cha umbali ule ule ambao Pemba iko kwa upande wa kusini. Akakuta saa yake ya timazi, iliyokuwa sahihi Paris, inachelewa kiasi cha dakika mbili na nusu kila siku. Ilimbidi aufupishe urefu wa timazi. Sababu yake ni kuwa uvutano wa ardhi karibu na ikweta ni mdogo kidogo kuliko kule kaskazini. Saa haikuharibika. Mahali ndipo palipobadilika.

TAHADHARI: AMANA YA ELIMU

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Katika vitabu na vipeperushi vyetu vingi husemwa kuwa timazi ya kupimia wakati ilivumbuliwa na Ibn Yunus, mwanafalaki mkubwa wa Cairo aliyefariki mwaka 1009 (399 Hijria). Sisi wenyewe tumewahi kulisema hilo darasani, tena kwa fahari. Lakini David King, mtafiti wa historia ya falaki ya Kiislamu, alilifuatilia jambo hili na mwaka 1979 akaonyesha kuwa halina asili. Ni kosa lililoanzia katika maandishi ya Ulaya ya karne ya 17, kisha kila mwandishi akalinakili kwa mwenzake bila kulichunguza.

Je, hili linampunguzia Ibn Yunus heshima? Hata kidogo. Zij yake, iliyopewa jina la khalifa al-Hakim, ni miongoni mwa majedwali bora ya falaki ya zama zile, na majedwali ya nyakati za sala yaliyotumiwa Cairo kwa karne nyingi yanafungamana na jina lake. Halikadhalika Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus, katika karne ya 14. Kazi yake ilikuwa ni kusimamia nyakati za sala, na aliifanya kwa hesabu na kwa saa ya kivuli cha jua. Wazee wetu hawa wana sifa za kweli za kutosha, wala hawahitaji kupambwa kwa sifa zisizo zao. Sisi tuliozoea kuuliza isnadi ya hadithi, tusione tabu kuuliza isnadi ya habari za sayansi.

UMEME UNAPOBEMBEA

Sasa tuingie katika elektroniki. Tunahitaji vitu viwili tu.

Cha kwanza ni kapasita: mabamba mawili madogo yanayotazamana bila kugusana, yanayoweza kuhifadhi chaji za umeme. Cha pili ni koili: waya uliozungushwa mizunguko mingi. Koili ina tabia moja ya ajabu. Mkondo wa umeme haukubali kuanza ndani yake ghafla, na ukishaanza haukubali kusimama ghafla. Bila shaka umeshaitambua tabia hii. Ni inesha ile ile, lakini ya umeme.

Jaza kapasita chaji, kisha iunganishe na koili. Chaji zinataka kurudi kwenye usawa, basi mkondo unaanza kupita ndani ya koili polepole, unaongezeka, mpaka kapasita inakuwa tupu. Wakati huo mkondo umefikia kilele, kama pembea inayopita katikati kwa kasi. Koili haiuachi usimame. Inausukuma mbele, na kapasita inajazwa upya, safari hii kwa upande wa pili. Kisha mkondo unageuka na kurudi. Umeme unabembea!

Kanuni yake ni ndugu wa ile ya timazi:

f = 1 / (2π√(LC))

f ni masafa, L ni ukubwa wa koili kwa henri, na C ni ukubwa wa kapasita kwa faradi. Kwa mfano, koili ya maikrohenri 100 ikiunganishwa na kapasita ya pikofaradi 253, umeme utakwenda na kurudi kiasi cha mara milioni moja kwa sekunde, yaani kHz 1000. Masafa haya yamo katika mawimbi ya kati, MW, ya redio. Unapozungusha kitufe cha kutafutia stesheni katika redio ya zamani, unabadilisha ukubwa wa kapasita mpaka masafa ya ndani ya redio yalingane na ya stesheni unayoitaka. Mawimbi ya stesheni nyingi yanaigonga antena kwa pamoja, lakini koili na kapasita huitikia yale tu yanayosukuma kwa wakati wake. Mjerumani Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kuwa mawimbi haya yapo, kati ya mwaka 1887 na 1888, na ndiyo maana kipimo cha masafa kimepewa jina lake.

Hata hivyo waya una ukinzani, na kila mkondo unapopita nishati kidogo hupotea kwa joto. Mtetemo wa kapasita na koili peke yake hufifia kwa muda mfupi sana. Nani atakuwa mama wa pembea hii?

TRANSISTA NA MASHARTI MAWILI

Kazi hiyo hufanywa na transista. Yenyewe huchukua umeme mdogo na kutoa mkubwa, kwa nguvu ya betri. Tukichukua sehemu ya kinachotoka na kukirudisha mwanzoni, mtetemo utajisukuma wenyewe. Chombo cha namna hii huitwa osileta, na kimo ndani ya simu, redio, televisheni na kompyuta. Ili kiendelee bila kufifia kuna masharti mawili, yanayojulikana kwa jina la mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Barkhausen:

1. Kinachorudi kiwe kwa wakati wake, kikubaliane na mwendo uliopo.

2. Kinachorudi kitoshe kulipa chote kilichopotea njiani.

Likikosekana moja, mtetemo hufa. Yakitimia yote mawili, huendelea maadamu kuna umeme.

Sasa turudi msikitini. Maiki inachukua sauti, amplifaya inaikuza, spika zinaitoa. Ikiwa sauti ya spika inaifikia maiki tena, inakuzwa mara ya pili, inatoka, inarudi, inakuzwa mara ya tatu. Ikirudi ikiwa ndogo kuliko ilivyoanza, hupotea na hakuna ubaya. Lakini ikirudi kwa ukubwa ule ule au zaidi, na kwa wakati wake, masharti mawili yametimia. Msikiti mzima umegeuka osileta, na mluzi ule ndio mtetemo wake! Ndiyo maana muadhini hakuwa amesema lolote. Mlio mdogo wa feni ulitosha kuuanzisha.

Dawa yake ni kulivunja mojawapo ya masharti:

- Spika ziwe mbele ya maiki na zielekee kwa watu. Zisiitazame maiki.

- Msemaji aisogeze maiki karibu na mdomo, kisha amplifaya ipunguzwe sauti. Watu watasikia vile vile, na kinachorudi kitakuwa kidogo.

- Tusifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Wengi hufanya hivyo ili kuuzima mluzi, na mara nyingi huuzidisha, kwa sababu maiki hupoteza uwezo wake wa kuikataa sauti ya nyuma na pembeni.

- Mazulia na mapazia husaidia, kwani hula sauti. Kuta tupu huirudisha.

SAA YA UKUTANI

Imebaki saa. Saa nyingi tunazotumia leo zimeandikwa usoni neno "Quartz". Hilo ni jina la jiwe, aina ya kristali, tutakaloliita kwatsi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa kristali za aina hii zikiminywa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme, hujikunja kidogo sana. Basi kipande cha kwatsi ni pembea iliyo tayari. Ugumu wake ndio nguvu ya kurudisha, uzito wake ndio inesha, na saketi ndogo yenye betri ndiyo inayosukuma. Saa ya kwanza ya kwatsi ilitengenezwa Marekani mwaka 1927 na ilikuwa kubwa mno. Ya kwanza ya mkononi kuuzwa ilikuwa ya Seiko wa Japani, mwishoni mwa mwaka 1969.

Katika saa za kawaida kipande hicho hukatwa kwa umbo la uma mdogo wenye meno mawili, kikatetema mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini idadi hiyo? Igawe kwa mbili, ugawe tena kwa mbili, mara 15. Utabaki na 1. Saketi ya saa hufanya hesabu hiyo hiyo, na kila sekunde moja hutoa msukumo mmoja wa kuusogeza mshale.

Kwatsi ni mwaminifu kuliko timazi, lakini naye si mkamilifu. Saa ya kawaida huweza kukosea kiasi cha sekunde 15 kwa mwezi. Joto likizidi au likipungua mbali na kiasi cha nyuzi 25, nayo huongeza makosa yake. Sekunde 15 ni kitu gani? Zidisha kwa miezi 12: sekunde 180, dakika tatu kamili!

Baada ya sala usiku ule tulizilinganisha saa zote mbili na saa ya simu, inayopokea wakati kutoka kwenye mtandao. Ya nyuma ilikuwa sahihi. Ya mbele ilikuwa imekwenda mbele dakika tatu. Tukauliza ilirekebishwa lini, tukaambiwa Ramadhani iliyopita. Lau muadhini angeifuata, watu wote mle ndani wangefungua kinywa kabla ya jua kuzama, nao walikuwa wamekaa na njaa tangu alfajiri. Hukumu ya aliyefuturu namna hiyo tunawaachia masheikh wetu. Letu sisi ni kusema kuwa jambo hilo lingezuilika kwa dakika moja ya kazi kila mwezi.

Basi tunashauri: kila mwanzo wa mwezi wa Kiislamu, mwanafunzi mmoja apewe jukumu la kuilinganisha saa ya msikiti na saa iliyosahihishwa, na kuandika katika daftari imekosea sekunde ngapi na kwa upande upi. Baada ya miezi michache mtaijua tabia ya saa yenu. Hata wanasayansi hufanya hivyo. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe hupimwa kwa mtetemo wa chembe za madini ya sizi, mitetemo 9,192,631,770 kwa sekunde moja, na saa hizo nazo hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe bila kuchoka. Hakuna kipimo kilichotengenezwa na mwanadamu kisichohitaji kukaguliwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Timazi la mita moja limebadilishiwa jiwe likawa zito mara mbili. Kipindi chake kitakuwa kiasi gani?

2. Gawa 32,768 kwa mbili mara tano. Umepata ngapi?

3. Saa inakwenda mbele sekunde 20 kila mwezi. Baada ya miezi 9 bila kurekebishwa itakuwa imekosea dakika ngapi? Muadhini akiifuata, ni sala ipi itaadhiniwa kabla ya wakati?

4. Kwa nini mlio wa mluzi wa spika hubadilika mtu anapotembea na maiki?

Majibu tutayajadili darasani, inshaAllah. Yule mzee, muadhini wetu, hakusoma fizikia. Lakini alijua kuwa ameaminiwa, na kwamba saa ikitiliwa shaka huulizwa jua. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atupe hima ya kuhifadhi amana kama aliyokuwa nayo yeye.

Wabillahi Tawfiq.